Boma, Ngome na Gereza: Neno "Fort" la Kiingereza na Vita vya Bwana Heri wa Saadani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna neno la Kiingereza "fort" linavyofasiriwa katika maandishi ya Kiswahili yanayohusu pwani ya Mrima, hususan Saadani na Bagamoyo. Hoja kuu ni kwamba visawe vinavyotumika, yaani boma, ngome na gereza, havitofautiani kwa ukubwa au uimara wa jengo tu, bali pia kwa historia ya nani alikaa ndani na nani alizuiwa nje. Kwa hiyo, katika habari za vita vya 1888 hadi 1890, uteuzi wa kisawe huamua ni nani anayehesabiwa kuwa alikuwa na ulinzi wa kivita, na ni nani anayehesabiwa kuwa alikuwa na uzio tu.

Sentensi moja, picha tatu

Tuanze na sentensi ambayo kila mfasiri wa historia ya Tanganyika hukutana nayo kwa sura moja au nyingine: kwamba mwanzoni mwa Januari 1890 Hermann von Wissmann aliiteka "fort" ya Bwana Heri huko Mlembule, bara kidogo kutoka Saadani. Mfasiri afanye nini na neno hilo? Akiandika ngome, msomaji wa Mombasa au Unguja ataona kuta nene za mawe ya matumbawe na mizinga iliyoelekezwa baharini. Akiandika boma, msomaji wa Tanzania ya leo ataona ofisi ya mkuu wa wilaya, bendera, na watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri kuitwa. Akiandika gereza, atakuwa amekwisha kumfunga Bwana Heri kabla hajashindwa. Hakuna picha hata moja kati ya hizo inayofanana na kilichokuwako Mlembule.

Tatizo hili si la mfasiri mvivu. Kamusi zetu za lugha mbili huorodhesha visawe kimoja baada ya kingine vikitenganishwa kwa mkato, kana kwamba vyote vina uzani sawa na mtumiaji ana hiari ya kuchukua chochote. Mkato huo mdogo umeficha karne kadhaa za historia ya pwani. Kwa bahati nzuri, majengo na maeneo yanayohusika bado yapo, na yanaweza kutusaidia pale kamusi zinaponyamaza.

Kilichokuwako Mlembule

Bwana Heri bin Juma alikuwa mtawala wa Saadani na mwenye sauti kubwa katika Uzigua. Hakuwa liwali wa kuteuliwa na Zanzibar. Mwaka 1882 alilishinda jeshi lililotumwa na Sultani kuja kumtiisha, na tangu hapo Saadani ilijiendesha yenyewe kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kushika forodha na utawala wa miji ya pwani, upinzani ulilipuka. Abushiri bin Salim aliongoza upande wa Pangani na baadaye Bagamoyo, na Bwana Heri akashika Saadani. Wissmann alifika mwaka 1889 na jeshi la mamluki, wakiwamo Wasudani wapatao 600 walioandikishwa Misri, pamoja na askari waliochukuliwa Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 liliangushwa boma la Abushiri lililokuwa karibu na Bagamoyo. Mwezi Juni manowari ziliipiga Saadani kwa mizinga, na mji ukatekwa.

Hapo ndipo habari inapokuwa na manufaa kwa mwanaisimu. Baada ya mji wake kuteketezwa, Bwana Heri hakutafuta jengo la mawe la kujifungia. Aliingia bara na kujenga boma la miti katika vichaka vya Mlembule. Shambulio la kwanza la Wajerumani, mwishoni mwa Desemba 1889, lilishindwa. Wissmann ilibidi aje mwenyewe na kikosi kikubwa zaidi chenye mizinga, na boma likatekwa mapema Januari. Bwana Heri akatoka na watu wake, akajenga boma jingine Palamakaa. Hilo nalo lilitekwa Machi 1890. Mwezi uliofuata, watu wake wakiwa wameelemewa na njaa, alikubali amani.

Tazama tabia ya kitu hiki kinachoitwa "fort". Kilijengwa upesi, kilihamika, na nguvu yake ilitokana na kichaka kilichokizunguka na watu waliokijua kichaka hicho. Kilipoangushwa kimoja, kiliinuka kingine mahali pengine. Neno la Kiingereza, kupitia Kifaransa, lina asili katika kivumishi cha Kilatini fortis, chenye maana ya -enye nguvu. Linataja sifa ya jengo, nalo linatazamia kwamba jengo likishindwa mambo yamekwisha. Bwana Heri alishindwa mara mbili na hakuwa amekwisha. Tunahitaji neno linalovumilia jambo hilo.

Duara lisilo na paa

Johann Ludwig Krapf, katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, alilieleza boma kuwa uzio wa kuulinda mji au kijiji, na akabainisha kwamba unaweza kuwa wa mawe, wa magogo, au wa kichaka cha miiba kisichopenyeka. Maelezo hayo yana thamani kubwa kwa sababu mbili. Kwanza, hayakulifunga neno katika kifaa cha ujenzi. Pili, yalitangulia utawala wa Wajerumani, kwa hiyo yanatuonyesha boma kabla halijahamia serikalini.

Sababu hiyo ya pili inatosha pia kuizika ile simulizi inayorudiwa mara kwa mara, hata na watu wenye shahada, kwamba neno boma ni kifupisho cha jina la Kiingereza la idara fulani ya utawala wa Waingereza ng'ambo. Henry Morton Stanley alilitumia neno hilo katika kitabu alichochapisha mwaka 1878, wakati Waingereza walikuwa hawajaitawala Tanganyika na wala hawakujua kwamba wangekuja kuitawala. Inasikitisha kidogo kwamba neno letu likionekana limevaa vizuri tunamtafutia baba mgeni.

Kiini cha neno boma ni nini basi? Tukiyapanga matumizi yake ya leo tutaona kwamba yanakubaliana kuliko yanavyoonekana. Boma la ng'ombe ni uzio wa kulaza mifugo, na mji wa Boma Ng'ombe wilayani Hai umebeba jina hilo waziwazi. Kwa Kiingereza cha Kenya, neno hili lilikwenda hadi likapewa wingi wa Kiingereza katika jina la Bomas of Kenya, taasisi ya utamaduni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, ambako maboma ni makazi ya jadi ya jamii mbalimbali. Katika vijiji vya Tanzania, wananchi wanapochangia nguvu zao kujenga shule au zahanati, husemwa wamejenga boma, maana yake kuta zimesimama lakini hazijaezekwa. Taarifa za halmashauri zimejaa maboma ya madarasa yanayosubiri fedha za kuezeka na kumalizia.

Matumizi haya ya mwisho ndiyo yanayofunua zaidi, ingawa wanaleksikografia wetu hawajayapa nafasi yanayostahili. Jengo lililoezekwa huacha kuitwa boma na kuwa darasa, nyumba au zahanati. Kwa hiyo boma ni kile kinachozunguka: mzingo unaotenga ndani na nje, uwe na paa au usiwe nalo, uwe wa miiba au wa tofali. Nguvu si sharti la boma, na wala mawe si sharti lake. Sharti ni kwamba mtu au kitu kimo ndani na kinalindwa. Kwa maana hiyo, kilichokuwako Mlembule kilikuwa boma kamili pasipo kupungukiwa na lolote.

Neno hili pia halikuwa nyonge. Anayedhani boma lilikuwa daima neno la uzio wa mifugo na afungue Zaburi ya 18 katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952. Wafasiri walimwita Mungu boma na ngome katika aya moja, wakayatumia maneno hayo mawili sambamba kama majina ya kimbilio. Kama boma lilimtosha Mungu wa Daudi, halikosi kumtosha Bwana Heri.

Jinsi boma lilivyohamia serikalini

Maelezo yanayoelekea zaidi kuwa sahihi ni haya. Vituo vya kwanza vya jeshi la Wissmann na warithi wake vilizungushiwa uzio, na watu waliviita kwa jina la kitu walichokiona: boma. Kituo kilipojengwa upya kwa mawe na chokaa, jina lilibaki. Afisa aliyekaa humo alipokuwa anatoza kodi na kusikiliza kesi, kodi na kesi nazo zikawa za bomani. Wajerumani wenyewe walilichukua neno, na baadaye Waingereza wakalirithi pamoja na majengo. Huko Malawi na Zambia, boma ni makao makuu ya wilaya hadi leo. Tanzania tunasema fulani wamefunga ndoa ya bomani, tukimaanisha ndoa ya kiserikali isiyo ya kanisani wala msikitini.

Bagamoyo inaonyesha mwendo huu kwa vipimo vya mitaa. Wajerumani walianzia katika nyumba ya Liku, wakahamishia makao makuu ya koloni Dar es Salaam mwaka 1891, na mwaka 1897 wakajenga boma kubwa la Bagamoyo linaloelekea baharini, ambalo sehemu yake iliporomoka mwaka 1998. Mgeni anayeonyeshwa jengo hilo haoni duara lolote. Anaona roshani, matao na ghorofa. Uzio umetoweka, na kilichobaki katika maana ya neno ni mamlaka peke yake.

Saadani nayo ina magofu yanayojulikana kama Boma la Wajerumani, kijijini, ndani ya eneo linalozungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005. Magofu hayo ndiyo yanayotajwa katika maelezo ya kitalii. Kwa hiyo, katika Saadani ya leo, mtu akitaja boma pasipo kuongeza neno, anaeleweka kuwa anamtaja mshindi. Neno lililokuwa la aliyejihami limekuwa la aliyeshambulia, na hili limetokea pasipo mtu yeyote kuamua hivyo. Lugha hufanya kazi kama hiyo kimyakimya, na ndiyo sababu uhakiki unahitajika.

Gereza na ngome

Gereza linaweza kupitiwa kwa haraka zaidi, ingawa safari yake ni ya ajabu kuliko zote. Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Huko Unguja, Waarabu wa Omani walijenga Ngome Kongwe mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno, na mabaki yake yamo ndani ya kuta hizo. Kilwa Kisiwani, ngome iliyo kando ya maji inaitwa Gereza mpaka sasa, na hakuna anayedhani kwamba ilikuwa jela. Maana ya jela ilikuja kwa sababu watawala waliona kuta zilizojengwa kuzuia watu wasiingie zinafaa vilevile kuwazuia wasitoke. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ile ya Lamu ilikuwa jela kuanzia 1910 hadi 1984. Jengo lilibadilika kazi, na neno likafuata kazi.

Ngome Kongwe ya Bagamoyo imepitia hatua zote hizi katika kuta zilezile. Ilijengwa takriban mwaka 1860 na Abdallah Suleiman Marhabi kuwa makazi. Baadaye ikawa ya jeshi, Waingereza wakaifanya jela, kisha ikawa kituo cha polisi. Nyumba, ngome, gereza: jengo moja, na neno "fort" kwenye ramani za Kiingereza likiwa limetulia juu yake muda wote kana kwamba hakuna lililotokea.

Ngome ndiyo iliyobaki na heshima. Makao makuu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania huitwa Ngome. Wanasiasa huzungumzia ngome ya chama fulani, wakimaanisha eneo ambalo chama hicho hakishindwi kirahisi, na ACT-Wazalendo imeziita jumuiya zake Ngome ya Vijana, Ngome ya Wanawake na Ngome ya Wazee. Hapa ngome imebeba kwa ukamilifu ile sifa ya nguvu iliyomo katika neno la Kiingereza. Nadhani ndiyo sababu wafasiri huikimbilia: inakubaliana na "fort" katika hisia, hata pale isipokubaliana nayo katika umbo.

Majina pia hudanganya. Husuni Kubwa ya Kilwa ina jina la Kiarabu lenye maana ya ngome, lakini uchimbuzi wa Neville Chittick ulionyesha kasri lenye ua, bwawa na maghala, lililojengwa kwa fahari na biashara kuliko kwa vita. Mfasiri anayetegemea jina peke yake atawapeleka askari mahali palipokuwa na wageni wa sultani na bidhaa.

Kigezo cha mawe

Sasa turejee kwenye lugha ya chanzo, kwa sababu upungufu hauko upande wetu tu. Waandishi wa Kiingereza waliosimulia vita hivi hawakutumia "fort" kwa usawa. Jengo la Mreno, la Mwarabu au la Mjerumani huitwa hivyo bila kusita. La Mwafrika la miti huteremshwa daraja na kupewa neno la uzio wa magogo, au huachiwa neno boma kwa herufi za mlalo, kama kitu cha ajabu kilichookotwa njiani. Hata hivyo, lile la Mlembule lilirudisha nyuma jeshi lenye silaha za kisasa katika shambulio la kwanza, jambo ambalo majengo kadhaa ya mawe ya pwani hii hayakuwahi kulifanya. Mfasiri anayefuata mgawanyo huo kwa uaminifu, ngome kwa mawe na boma kwa miti, anahamishia Kiswahili daraja ambalo hakulichagua.

Kuna wanaojibu tatizo hili kwa kugeuza mambo: basi tuandike ngome ya Bwana Heri, ili apewe heshima sawa na Wareno na Waomani. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kitabu cha shule ambako mwanafunzi hana nafasi ya kuelezwa historia ya neno. Naikubali nia yake, lakini naikataa njia yake. Kumpa Bwana Heri ngome ili aheshimiwe ni kukubali kwamba mawe ndiyo kipimo cha ulinzi, kisha kumwazima mawe ambayo hakuwa nayo na hakuyahitaji. Msomaji akifika Mlembule akakuta hakuna ukuta hata mmoja, atadhani historia ilitiwa chumvi. Akijua kwamba lilikuwa boma la miti, atajua kwa nini hakuna kilichobaki, na atauliza swali lililo bora: lilisimamaje mbele ya jeshi lile?

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, si kweli kwamba maana huamuliwa na matumizi, na kwamba boma limekwisha kuwa ofisi? Ni kweli kwa sehemu. Lakini matumizi yenyewe hayajaafikiana. Mfugaji wa Hai, fundi anayesubiri mabati ya darasa, na bibi harusi wa bomani wanatumia neno moja kwa maana tatu zilizo hai, na hakuna anayemshangaa mwenzake. Neno lenye upana huo halijafungwa. Linahitaji kijalizo tu: boma la miti, boma la vita, boma la serikali. Kiswahili kina viunganishi vya kutosha kwa kazi hiyo, na kila kimoja ni kifupi kuliko tanbihi.

Ushahidi mwingine unatoka katika fasihi ya vita hivyohivyo. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhry, uliohaririwa na J.W.T. Allen na kuchapishwa mwaka 1960, unabeba katika anwani yake kitenzi kutamalaki: Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Anwani hiyo haisemi kuteka ngome wala kuvunja boma. Kinachotamalakiwa ni Mrima, nchi nzima pamoja na watu wake. Kwa mshairi aliyekuwa shahidi wa zama hizo, majengo hayakuwa kipimo cha ushindi. Hoja hii sitaki kuivuta mbali zaidi, kwa kuwa anwani moja haithibitishi mtazamo wa utenzi mzima, na uchambuzi wa msamiati wa kivita katika beti zake unastahili makala yake.

Nikiirudia sentensi tuliyoanza nayo, ningeifasiri hivi: Mwanzoni mwa Januari 1890, baada ya shambulio la kwanza kushindwa, Wissmann aliliteka kwa mizinga boma la miti la Bwana Heri huko Mlembule, ilipofika Machi, Bwana Heri alikuwa amekwisha kujenga boma jingine Palamakaa.